Stelingi Hafi: Wazee wa Kijiweni na Haki ya Kuipa Filamu Jina

Jumapili iliyopita jioni nilipita Kirumba kunywa kahawa kwenye kijiwe nilichokizoea, nikakuta ubishi mkali. Wazee wawili walikuwa wametazamana kwa hasira, kikombe mkononi, na wengine wanne wamegawanyika pande mbili. Nilidhani ni siasa, au Simba na Yanga. Kumbe walikuwa wanabishania Sholay.

Kwa msomaji kijana nieleze kidogo. Sholay ni filamu ya Kihindi iliyotoka Agosti 1975 chini ya uongozi wa Ramesh Sippy. Afisa wa zamani wa polisi aliyekatwa mikono na jambazi Gabbar Singh anawakodi wahalifu wawili, Veeru na Jai, wakamkamate jambazi huyo akiwa hai. Veeru anachezwa na Dharmendra, Jai anachezwa na Amitabh Bachchan. Karibu na mwisho Jai anakufa, na kifo hicho ndicho kilichowagombanisha wazee wangu, miaka hamsini na ushei baada ya kamera kuzimwa.

Mzee wa kwanza, fundi cherehani, alishikilia kwamba stelingi wa Sholay ni Amitabh. Wa pili, aliyefanya kazi melini kwa miaka mingi, alisema jambo hilo haliwezekani kwa sababu moja tu: stelingi hafi. Akifa si stelingi. Ni rafiki wa stelingi. Kwa hiyo stelingi ni Dharmendra, mjadala umefungwa. Fundi akamjibu kwamba kwa kanuni hiyo Amitabh hakuwa stelingi hata katika Deewaar ya mwaka huohuo wa 1975, ambamo anakata roho mapajani mwa mama yake, na hakuna mtu mwenye macho atakayesema stelingi wa Deewaar ni Shashi Kapoor kwa kuwa tu alibaki hai.

Hapo mzee wa tatu akaliingilia jambo kwa upande mwingine. Yeye alisema wote wawili wanakosea tangu mwanzo kwa kuichukulia Sholay kuwa picha la Kihindi. "Lile ni picha la kauboi," alisema. "Farasi, treni, majambazi, majabali. Nyimbo wametia tu kwa kuwa wateja wao wamezoea nyimbo." Majabali aliyoyataja ni ya Ramanagara, katika jimbo la Karnataka, ambako sehemu kubwa ya filamu ile ilipigwa. Kwa mtu wa Mwanza miamba ile haina ugeni. Mtu angeweza kudhani Gabbar amejificha Bugando.

Wakanigeukia. "Daktari, wewe uliyesoma, hebu amua." Nikawaeleza nilichosoma: kwamba mwaka 1954 Mjapani Akira Kurosawa alitengeneza Seven Samurai, kwamba Wamarekani wakaigeuza kuwa kauboi mwaka 1960 kwa jina la The Magnificent Seven, na kwamba waandishi wa Sholay, Salim Khan na Javed Akhtar, walichota katika kisima hicho. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha yule mzee wa melini akasema, "Ahsante, mwanangu. Umetuambia ilikotoka. Sisi tulikuwa tunauliza ni nini."

Ndugu msomaji, nimekuwa nikilitafuna jibu hilo wiki nzima. Ninafundisha, nina shahada ya uzamivu, na sikuwa na la kusema. Lakini si aibu yangu iliyonifanya niandike makala haya. Nimeandika kwa sababu mzee yule, bila kujua, aligusa jeraha la mji wetu ambalo tulipata kulishughulikia vibaya sana miaka ishirini hivi iliyopita.

Kwanza nitetee jambo moja. Wako wanaosema ubishi wa kijiweni ni kupoteza muda, mazungumzo ya watu ambao kazi zimewaacha. Mimi nasema ni uhakiki, tena uhakiki wenye istilahi zake. Tazama neno "stelingi". Asili yake inaelekea kuwa maandishi ya Kiingereza yaliyotangulia majina ya waigizaji kwenye mabango na mwanzoni mwa filamu. Watazamaji wetu walilichukua wakaligeuza kuwa dhana. Stelingi hakuwa tena mtu mwenye jina kubwa kwenye bango. Alikuwa nafasi ndani ya hadithi, mwenye haki zake na wajibu wake. Anaweza kupigwa, lakini mwanzoni. Anaweza kudhulumiwa, lakini lazima alipe kisasi. Mbele yake yuko "adui", ambaye naye ana ngazi: kuna adui wadogo wanaokufa njiani, na kuna adui mkubwa anayebakizwa hadi mwisho. Kisha zipo tanzu zenyewe: picha la Kihindi, picha la ngumi, picha la vita, picha la kauboi, picha la kutisha. Sisi tuliokulia katika vibanda vya video miaka ya tisini, tukitazama filamu za Hong Kong huku mtu akitutafsiria kwa kipaza sauti, tuliijua sarufi hii kabla ya kuijua sarufi ya Kiswahili sanifu.

Kanuni ya "stelingi hafi" watu huicheka kama imani ya kitoto. Lakini itazame kwa makini: ni madai kuhusu utanzu. Inasema kwamba filamu ya aina fulani imempa mtazamaji ahadi, na ahadi hiyo ikivunjwa, ama filamu imekosea ama tumeiita kwa jina lisilo lake. Fundi wangu wa cherehani haikatai ahadi hiyo. Anachosema ni kwamba Sholay na Deewaar zilikuja na ahadi nyingine, ambamo ukuu wa mtu hupimwa kwa kile anachokifia. Huo ni mgongano halisi wa nadharia. Nimewahi kukaa katika makongamano ya kitaaluma yaliyokuwa na hoja chache kuliko hizo.

Tena wazee hawa wanajua kwamba ahadi ya utanzu inaweza kuchezewa na wenye nguvu. Niliwasimulia, na hawakushangaa hata kidogo, kwamba mwisho wa Sholay waliouona si ule uliopigwa kwanza. Katika mwisho wa awali yule afisa asiye na mikono anamuua Gabbar kwa miguu yake. India wakati huo ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya Indira Gandhi mwezi Juni 1975, na wakaguzi wa filamu hawakutaka raia waone mtu akijichukulia sheria mkononi. Mwisho ukapigwa upya: polisi wanafika kwa wakati, na Gabbar anakabidhiwa kwa serikali. "Ndiyo maana," alisema mzee wa tatu. "Siku zote nilijiuliza wale polisi walikuwa wapi picha zima."

Sasa nirudi kwenye jeraha. Mwaka 2004 mwongozaji kutoka Austria, Hubert Sauper, alitoa filamu iliyopigwa hapa Mwanza na kandokando ya ziwa letu, yenye jina Darwin's Nightmare, yaani jinamizi la Darwin. Inahusu sangara, samaki aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960 na ambaye baadaye alikuja kuwa msingi wa biashara kubwa ya minofu kwenda Ulaya. Inaonyesha ndege kubwa za mizigo zikitua na kuruka, marubani kutoka nchi za uliokuwa Umoja wa Kisovyeti, watoto wa mitaani, wanawake wanaouza miili yao, na mapanki, yale mabaki ya samaki baada ya minofu kuondolewa, yakikaangwa na kuanikwa huku funza wakitambaa. Na inauliza, mara baada ya mara, ndege hizi huja zimebeba nini. Jibu inaloelekeza ni silaha.

Filamu ile ilizoa tuzo Ulaya, ikiwemo ya filamu bora ya hali halisi kutoka Chuo cha Filamu cha Ulaya, na mapema mwaka 2006 ikawa miongoni mwa zilizoteuliwa kuwania Oscar katika kundi la filamu za hali halisi. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani, akisema inaipaka nchi matope. Ufaransa nako kulizuka ugomvi wake: mwanahistoria François Garçon aliandika kupinga madai ya filamu hiyo, mwongozaji akamshtaki kwa kumkashifu, na mwaka 2008 mahakama ikampa ushindi mwongozaji.

Mimi wakati huo nilikuwa kijana ninayejiona msomi. Nakiri leo kwamba nilibishana kuhusu filamu ile kwa miezi mingi kabla ya kuiona. Mara nyingi niliilaani, mara chache niliitetea, kutegemea nimekaa na nani. Wengi tuliobishana hatukuwa tumeiona. Na mjadala wote uliendeshwa kwa swali moja tu: ni kweli au ni uongo? Aliyesema ni kweli alionekana msaliti wa nchi, aliyesema ni uongo alionekana kibaraka wa serikali. Hakuna aliyeuliza swali la mzee wa melini: ni nini?

Swali hilo lilikuwa na uzito kwa sababu nguvu yote ya filamu ile ilitoka katika jina la utanzu wake. Kama ingeitwa hadithi ya kubuni, mtazamaji wa Paris angetoka ukumbini akisema kwamba ameona kazi ya kuhuzunisha. Ilipoitwa filamu ya hali halisi, alitoka akisema kwamba ameiona Mwanza. Jina la utanzu ni kibali cha kuaminiwa. Na kibali hicho hutolewa na watu wasiokaa hapa, kwa vigezo ambavyo wao wenyewe hawavifuati sawasawa. Oscar ile ya mwaka 2006 ilichukuliwa na filamu ya Kifaransa kuhusu pengwini, March of the Penguins. Katika toleo lake la awali la Kifaransa, waigizaji wanazungumza kwa niaba ya pengwini, kana kwamba ndege wale wanasimulia mapenzi na uzazi wao. Hiyo nayo ni hali halisi. Sina ugomvi na pengwini. Ninachosema ni kwamba mipaka ya utanzu huu ni laini kuliko tulivyoaminishwa, na tulikuwa na haki ya kuijadili.

Mwaka jana niliamua kufanya nilichopaswa kufanya zamani. Nilibeba kompyuta yangu na spika ndogo, nikawaonyesha wazee wale wa Kirumba filamu yenyewe, kipande kwa kipande, jioni tatu mfululizo, nikitafsiri palipohitaji tafsiri. Nitaeleza walichosema kwa sababu ni uhakiki bora kuliko wote niliousoma juu yake kwa lugha yoyote.

Fundi cherehani alisema picha hili halina stelingi. Ana adui, alisema, na adui ni samaki, au ni Mzungu anayemla, haijulikani vizuri; lakini kati ya watu wetu wote wanaoonyeshwa hakuna hata mmoja anayefanya jambo. Wanalia, wanavuta gundi, wanalinda geti, wanasubiri kufa. "Mwanza hii ninayoijua mimi," alisema, "ina watu wanaoamka saa kumi usiku kwenda Mwaloni. Hao wamepelekwa wapi?" Hakusema kwamba filamu inadanganya. Alisema kwamba imechagua, na kwamba kuchagua kwake kumetunyima nafasi ya utendaji ndani ya hadithi yetu wenyewe.

Mzee wa melini aliuliza kuhusu silaha. "Bunduki ziko kwenye picha au ziko kwenye maneno?" Tukarudia vipande vinavyohusika. Bunduki haziko kwenye picha. Yapo maneno ya watu, zipo ndege, na upo ukaribu kati ya maneno na ndege uliotengenezwa mezani kwa mhariri. Ushuhuda mzito zaidi ni wa rubani anayesimulia kwa masikitiko kwamba alipata kupeleka zana za kivita Angola, kisha akapakia zabibu Afrika Kusini kwa ajili ya Ulaya. Ni maneno ya kuumiza moyo, na sina sababu ya kuyatilia shaka. Lakini Angola si Mwanza. Mtazamaji asiye makini huondoka akiamini amesikia habari za uwanja wetu wa ndege.

Na mzee wa tatu, yule wa kauboi, ndiye aliyenishangaza. Nilitarajia angeungana na wenzake. Yeye alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mapanki tumekula. Msijifanye." Akaeleza kwamba kuna mwaka ambao minofu yote ilipita mbele ya macho yao ikaenda uwanja wa ndege, na sato akawa samaki wa wenye mishahara, na kilichobaki sokoni kwa mtu kama yeye ni vichwa na mifupa. Funza hakuwaona, alisema. Mapanki aliyokula yalikuwa yamekaangwa vizuri. Lakini jambo kubwa, kwamba ziwa ni letu na nyama si yetu, picha lile limelisema, na viongozi wetu hawakulipenda kwa hilo zaidi kuliko kwa bunduki.

Nadhani huo ndio mjadala ambao mji huu ulistahili kuupata mwaka 2006. Ungetuwezesha kusema mambo mawili kwa pamoja: kwamba filamu ile ilidai kuaminiwa zaidi ya ushahidi wake, na kwamba dhuluma ya kiuchumi iliyoonyesha ilikuwepo. Badala yake tuliambiwa tuchague kati ya kuitetea nchi na kuitetea filamu. Serikali ilijibu kwa shutuma, kama yule mkaguzi wa India aliyedhani dawa ya hadithi inayokera ni kubadilisha mwisho wake. Na sisi wasomi, ambao kazi yetu ni kufundisha watu kuuliza "hiki ni nini", tulikuwa tumenyamaza au tunapiga kelele pamoja na umati.

Najua hoja itakayotolewa dhidi yangu. Watasema wazee watatu na kahawa si jibu la tuzo za Ulaya, na kwamba hata tungejadili vizuri kiasi gani, dunia isingetusikia. Inawezekana. Lakini mjadala mzuri haufanywi kwa ajili ya dunia tu. Mji unaojua kuisoma picha yake hauyumbishwi na kila anayekuja na kamera, awe mgeni anayetafuta jinamizi au ofisa wa kwetu anayetafuta tangazo la utalii. Kumbuka kwamba tumewahi kupigwa picha za aina hiyo ya pili pia. John Wayne alikuja Tanganyika kucheza Hatari!, filamu ya Howard Hawks iliyotoka mwaka 1962 na yenye jina la Kiswahili, na ndani yake wanyama wana nafasi kubwa kuliko wenyeji. Hakuna aliyelalamika kwamba imetupaka matope, kwa sababu mandhari yalikuwa mazuri. Swali la fundi, kwamba watu wetu wamepelekwa wapi, linaifaa filamu hiyo sawasawa na lile jinamizi.

Tufanye nini? Nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili. La kwanza, vyuo vyetu vifundishe uhakiki wa filamu kwa Kiswahili, na viyachukue maneno ya watazamaji kama istilahi za kweli: stelingi, adui, picha la ngumi. Tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na tuna bodi inayotuambia filamu gani inafaa umri gani. Hatuna utamaduni rasmi wa kuuliza filamu imetuahidi nini na kama imetimiza.

La pili, tuwarekodi wazee hawa sasa. Darasani kwangu muhula uliopita niliuliza nani anajua kwamba Rashidi Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, alikuwa kabla ya hapo mwigizaji mkuu wa filamu ya Muhogo Mchungu. Hakuna mkono ulioinuka. Kijiweni Kirumba walijua wote. Kumbukumbu hiyo haimo katika maktaba yetu. Imo katika vichwa vya watu waliovuka miaka sabini.

La tatu, Darwin's Nightmare ionyeshwe Mwanza hadharani, ikiwa na tafsiri ya Kiswahili, na baada ya kuonyeshwa taa ziwashwe na watu waseme. Waje wavuvi, waje waliofanya kazi viwandani, waje mama zetu wa Mwaloni. Filamu iliyotuhusu kiasi kile imejadiliwa Paris na Dodoma. Sisi tuliomo ndani yake hatujaketi nayo.

Jumapili ile niliondoka kijiweni giza likiwa limeingia na ubishi haujaisha. Fundi alikuwa amepata hoja mpya: kwamba hata Bruce Lee alikufa Julai 1973, wiki chache kabla Enter the Dragon haijaanza kuonyeshwa, na hakuna aliyemvua ustelingi. Mzee wa melini akasema hilo ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa alifia nje ya picha. Wakanitazama tena niamue. Safari hii niliagiza kahawa nyingine, nikauliza: kwa hiyo tunakubaliana stelingi ni nini?